Mhusika Asiye na Jina: Baharia Aliyezungumza Kiswahili Angani Mwaka wa 1966

Utangulizi

Mtahiniwa anapoulizwa kueleza umuhimu wa mhusika katika kazi ya fasihi, aghalabu huomba kimoyomoyo aulizwe juu ya mhusika mkuu. Mhusika mkuu ana kurasa nyingi, ana sifa zilizokwisha kuorodheshwa katika miongozo, na hata asiyesoma kitabu chote ana la kusema juu yake. Mhusika mdogo ndiye humtoa mtahiniwa jasho. Katika karatasi za majaribio nilizosahihisha nimekutana mara nyingi na jibu hili: "Huyu ni mhusika mdogo tu, kwa hivyo hana umuhimu mkubwa." Anayejibu hivyo amechanganya udogo wa nafasi na udogo wa kazi. Kipini hakijazi uso, lakini ndicho kinachoonekana kwanza.

Makala haya yananuia kuonyesha, kwa njia ya historia, jinsi mhusika mdogo anavyoweza kubeba mzigo ambao mhusika mkuu hauwezi. Mfano wetu hautoki katika vitabu vilivyoteuliwa. Unatoka katika tamthilia ya televisheni ya Marekani ya bunilizi za kisayansi, yaani hadithi zinazobuniwa juu ya sayansi na ulimwengu ujao. Sababu ya kwenda mbali hivyo ni swali nililoulizwa darasani.

Shule ninayofundisha haiko mbali na soko la Kachibora, mahali ambapo vilima vya Cherangani huonekana kila asubuhi kabla ya ukungu kupanda. Wanafunzi wetu ni Wabukusu, Wakalenjini, Wakikuyu, Waturkana na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha uwanjani na sokoni. Hata hivyo msichana mmoja wa kidato cha tatu, hodari sana katika fizikia, aliniuliza bila kukusudia ukorofi: "Mwalimu, mimi nataka kusoma mambo ya anga. Kiswahili kitanifikisha wapi?" Darasa lilicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa.

Tamthilia na kisa chenyewe

Tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilianza kuonyesha mfululizo uitwao Star Trek, uliobuniwa na Gene Roddenberry. Mfululizo huo unahusu chombo cha angani kiitwacho Enterprise kinachosafiri kutoka nyota hadi nyota katika karne zijazo. Ulidumu misimu mitatu hadi mwaka wa 1969 na ulikuwa na vipindi 79. Wahusika wakuu ni Nahodha Kirk, msaidizi wake Spock ambaye ni nusu mtu na nusu kiumbe wa sayari nyingine, na Daktari McCoy. Miongoni mwa wasaidizi wao yumo Luteni Uhura, mwanamke Mwafrika anayesimamia mawasiliano ya chombo. Nafasi yake iliigizwa na Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi.

Kipindi kilichoonyeshwa kwanza kabisa kiliitwa "The Man Trap". Kiliandikwa na George Clayton Johnson. Katika kipindi hicho mabaharia wa Enterprise wanatua katika sayari ambako kumesalia kiumbe mmoja wa jamii iliyokwisha kufa. Kiumbe huyo huishi kwa chumvi, na akiikosa huinyonya kutoka katika miili ya watu. Ana uwezo wa kujigeuza umbo, na hulichukua umbo hilo kutoka katika fikira za yule anayemtazama. Daktari McCoy anamwona kama mwanamke aliyempenda zamani, akiwa kijana vilevile kama alivyomwacha. Nahodha anamwona mwanamke huyohuyo akiwa na umri wake. Baharia mwingine kijana anaona msichana tofauti kabisa. Kila mtu anaonyeshwa kile ambacho moyo wake umekihifadhi.

Kabla ya kisa kupamba moto, tunamwona Uhura kazini akiwa amechoka. Analalamika kwa Spock kwamba kazi yake imekuwa kurudia maneno yaleyale ya mawasiliano, na anamtania azungumze naye kama mtu anavyozungumza na mwenzake. Spock, kwa ukavu wake, hamwelewi. Mazungumzo hayo ni mafupi, lakini yanamwonyesha mtazamaji mwanamke mpweke, aliye mbali sana na kwao.

Baadaye kiumbe yule anaingia chomboni kwa hila. Anamkuta Uhura kwenye ujia na kujigeuza baharia mweusi, mrefu na mtanashati. Uhura anamwambia kwamba sura yake si ngeni kwake. Baharia anamjibu kwamba ni kwa sababu alikuwa akimwaza mtu kama yeye. Kisha anamsemesha kwa Kiswahili, na Uhura anamjibu kwa Kiswahili. Ni maneno machache, yaliyotamkwa na Wamarekani wawili ambao Kiswahili si lugha yao, na mwalimu wa Mvita au Unguja angekuwa na mengi ya kurekebisha. Baharia anamkaribia, Uhura anaduwaa kama aliyelogwa, na kifo kiko hatua moja tu. Mwito wa kazi ndio unaomzindua na kumwokoa.

Baharia huyo haonekani tena. Hana jina. Vince Howard, mwigizaji aliyechukua nafasi hiyo, anatajwa kama baharia tu. Kwa kipimo cha mtahiniwa wetu, huyu "hana umuhimu mkubwa". Hebu tumpime kwa vipimo vingine.

Jina la Uhura lilivyopatikana

Swali la kwanza la kihistoria ni hili: Kiswahili kilifikaje katika televisheni ya Marekani mwaka wa 1966?

Nichols alieleza katika kitabu chake cha maisha cha mwaka wa 1994 kwamba alipokwenda kufanyiwa majaribio ya uigizaji alikuwa na riwaya iitwayo Uhuru. Neno hilo likawavutia watayarishaji, na baada ya mashauriano likalainishwa mwishoni likawa Uhura, ili lisikike kama jina la mwanamke. Sisi walimu wa sarufi tungelipiga mstari mwekundu, kwani nomino "uhuru" haibadiliki hivyo. Lakini majina katika fasihi hayaendi kwa sarufi peke yake.

Riwaya hiyo ilichapwa mwaka wa 1962. Mwandishi wake, Robert Ruark, alikuwa Mmarekani aliyependa uwindaji na aliyeijua Kenya kupitia safari zake za kuwinda. Mwaka wa 1955 alikuwa ameandika riwaya nyingine juu ya vita vya Mau Mau, na jicho lake liliegemea upande wa walowezi. Kwa hiyo neno letu lilipanda jukwaani likiwa limebebwa na kitabu cha mtu aliyeutazama uhuru wetu kwa mashaka. Hapa pana kinaya ambacho mwanafunzi wa fasihi hana budi kukitambua. Neno lilimponyoka mwandishi. Mwanamke mweusi alilichukua kutoka kwenye jalada la kitabu, akalivaa kama jina, na tangu siku hiyo mamilioni ya watu wanalijua neno hilo kupitia kwake, ilhali wanaomjua Ruark si wengi.

Wakati nao uliruhusu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka wa 1961, Uganda 1962 na Kenya 1963. Neno "uhuru" lilisikika katika redio na magazeti ya dunia nzima. Nchini Marekani kwenyewe watu weusi walikuwa wakidai haki zao, na wengi walianza kukitazama Kiswahili kama lugha ya Afrika isiyofungwa na kabila moja. Desemba ya mwaka huohuo wa 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake na misingi yake saba, kama vile umoja, kujichagulia na ujima, vimetolewa katika Kiswahili. Baharia wetu asiye na jina alitangulia miezi mitatu tu. Alikuwa mtoto wa wakati wake.

Baharia kama zimwi

Swali la pili ni la uhakiki. Kwa nini mwandishi amfanye msemaji wa Kiswahili kuwa jitu linaloua?

Msomaji wa haraka anaweza kukasirika: mwanamume mweusi wa kwanza kuzungumza Kiswahili angani ni zimwi. Hasira hiyo ina haki yake. Lakini kwa mtu aliyesoma fasihi simulizi, kisa hiki si kigeni. Waluhya wana manani, Wakikuyu wana irimu, Wakalenjini wana chemosi, na watu wa pwani wana mazimwi na majini. Katika ngano nyingi za jamii zetu, msichana anawakataa wachumba wa kijijini, kisha anatokea kijana mgeni mwenye sura ya kupendeza na maneno matamu. Msichana anamfuata. Njiani, au usiku, anagundua kwamba amefuatana na jitu. Linalomponza si sura peke yake. Jitu linajua kusema naye.

Kisa cha Enterprise ni ngano hiyohiyo iliyovikwa mavazi ya chuma. Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwandishi wa kisa hiki anaupindua usemi huo. Zimwi hili linamjua Uhura hadi ndani ya fikira zake, na kwa sababu hiyo hasa liko tayari kummaliza. Kumjua mtu si lazima kuwe kumhurumia. Lugha ya mama inaweza kuwa kumbatio, na inaweza kuwa chambo. Wanafunzi wetu wanalielewa jambo hili upesi, kwani wamesikia jinsi mtu anavyoweza kutapeliwa kwenye kituo cha magari na mtu aliyemsalimu kwa lugha ya kwao.

Hata hivyo zimwi hili lenyewe linaonewa huruma. Ni la mwisho wa jamii yake, na linaua kwa kuwa lina njaa. Katika kipindi hicho linalinganishwa na nyati wa Marekani walioangamizwa na wawindaji. Mwishoni McCoy analiua likiwa na sura ya mwanamke aliyempenda, na hakuna anayeshangilia. Sisi husema mzee fulani amekula chumvi nyingi, tukimaanisha ameishi na kujua mengi. Kiumbe huyu alikosa chumvi, na kwa kuikosa akakosa maisha.

Uhura bila baharia

Swali la tatu ndilo ninalowasihi watahiniwa waliulize kila mara: mhusika huyu akiondolewa, kunapungua nini?

Tukimwondoa baharia, kisa hakivunjiki. Kiumbe ataendelea kutafuta chumvi, Nahodha ataendelea kumsaka, na mwisho utakuwa uleule. Kwa upande wa msuko, basi, mtahiniwa anayesema baharia hana umuhimu hajakosea. Lakini Uhura anapungua. Bila baharia, Uhura anabaki kuwa sauti inayopokea na kupeleka ujumbe. Ni kutokana na dakika ile ya ujiani tunapojua kwamba ana lugha nyingine iliyo chini ya Kiingereza chake, ana kwao, na ana hamu asiyoisema kazini. Mhusika bapa anapata kina. Maneno machache ya Kiswahili yamefanya kazi ambayo kurasa kumi za maelezo zingeweza kushindwa kuifanya.

Watayarishaji wenyewe walilirudia jambo hilo. Katika kipindi cha "The Changeling" cha mwaka wa 1967, mtambo fulani unafuta kumbukumbu zote za Uhura, na inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto. Anapokwama katika Kiingereza, kinachomtoka ni Kiswahili. Kumbukumbu zimekwenda, lugha imebaki. Lugha ya kwanza ya Uhura iliwekwa wazi kwanza na baharia asiye na jina.

Mhusika mdogo na watu halisi

Kufikia mwisho wa msimu wa kwanza, Nichols alikuwa amechoka na udogo wa nafasi yake. Mistari yake ilikuwa michache, na alitamani kurudi kwenye uimbaji na jukwaa. Aliamua kuacha. Kwa maelezo yake mwenyewe, kabla hajaondoka alikutana na Martin Luther King katika hafla moja, naye King akamwambia kwamba familia yake huutazama mfululizo huo na kwamba hapaswi kuuacha. Hoja ya King, kama Nichols alivyoisimulia, ilikuwa kwamba watu weusi walikuwa wakionekana kwa mara ya kwanza kama watu wenye akili na heshima walio na mahali pao katika wakati ujao. Nichols akabaki.

Aliyebaki alikuwa bado mhusika msaidizi. Mistari haikuongezeka sana. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka wa 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimtumia Nichols kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka wa 1978 lilikuwa na watu 35, na miongoni mwao walikuwamo wanawake sita na Wamarekani weusi watatu. Sally Ride na Guion Bluford wa kundi hilo walikwenda angani mwaka wa 1983, Ride akiwa mwanamke wa kwanza wa Marekani na Bluford akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza.

Kisha akaja Mae Jemison. Akiwa mtoto alimtazama Uhura na kuona kwamba inawezekana. Tarehe 12 Septemba 1992 aliruka kwa chombo cha Endeavour na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Alizoea kuanza zamu yake kwa kauli ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Jemison hutajwa pia kuwa anajua Kiswahili. Mwaka wa 1993 alialikwa kuigiza katika mfululizo mwingine wa ukoo wa Star Trek. Alipewa nafasi gani? Nafasi ya mhusika mdogo, mwenye mistari michache. Mwanaanga halisi aliridhika kuwa mdogo mahali palipomkuza.

Uhuru halisi angani

Sisi wa Kenya tuna kisa chetu katika historia hii, nacho hakisimuliwi vya kutosha darasani. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka kituo cha San Marco kilichokuwa baharini karibu na Malindi, kikiendeshwa na Waitalia. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka wa 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002. Na mwezi Aprili 2023 Kenya ilirusha satelaiti yake ya kuchunguza ardhi iitwayo Taifa-1. Safari hii jina la Kiswahili tulilitoa wenyewe.

Tusijivune kupita kiasi, lakini. Mwaka wa 1977 Marekani ilivirusha vyombo viwili vya Voyager vikiwa na santuri yenye salamu za wanadamu katika lugha 55. Kiluganda kimo, Kichewa kimo, lakini Kiswahili hakimo. Katika hadithi tulikuwa tumefika angani mwaka wa 1966, na katika safari halisi tukasahauliwa. Lugha hukumbukwa inapokuwa na watu wa kuisemea, hata kama mistari yao ni michache.

Hitimisho

Kwa walimu, ninapendekeza tuwafundishe wanafunzi kumkabili mhusika mdogo kwa maswali matatu tuliyoyatumia: amezaliwa na wakati gani na haja gani? Amepewa lugha gani, na lugha hiyo inafanya nini? Akiondolewa, nani anapungua? Chukueni riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, mwandishi aliyekulia huku kwetu. Kongowea Mswahili anatoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Mama yake, Zainabu Makame, hafiki mwisho wa hadithi, lakini jaribuni kumwondoa mwone kama safari hiyo itaeleweka. Vivyo hivyo Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka wa 1995 inatupeleka kwenye sayari nyingine ambayo jina lake likitenganishwa ni "wale ni sisi". Bunilizi za kisayansi zimo katika Kiswahili tayari. Kilichopungua ni wasomaji.

Kwa watahiniwa, msiandike tena kwamba mhusika ni mdogo kwa hivyo hana umuhimu. Andikeni: nafasi yake ni ndogo, lakini kazi yake ni hii. Kisha itajeni kazi hiyo na mtoe mfano kutoka katika matini. Alama ziko hapo.

Na kwa yule msichana wa fizikia: Kiswahili hakitakurushia roketi. Hesabu na fizikia zitakurushia. Lakini siku ukiwa mbali na Kachibora, umechoka, na kila anayekuzunguka anakusemesha kwa lugha ya kazi, utajua kwa nini mwandishi mmoja wa Marekani, alipotaka kuonyesha kile ambacho moyo wa mwanamke wa angani umekihifadhi, alimpa mtu wa kumsalimu kwa Kiswahili. Utajua pia kumchunguza anayekusalimu kabla hujampa mkono. Yote mawili ni masomo ya fasihi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Teua mhusika mmoja mdogo katika riwaya au tamthilia unayosoma. Eleza mambo matatu yatakayopungua katika kazi hiyo akiondolewa.
2. "Lugha ya mama inaweza kuwa kumbatio, na inaweza kuwa chambo." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea ngano moja ya jamii yako.
3. Jadili kinaya kilichomo katika safari ya neno "uhuru" kutoka jalada la riwaya ya mwaka wa 1962 hadi satelaiti ya mwaka wa 1970.